Matofali ya Lusia Qamara

Kiangazi cha mwaka 1983, wanawake wa kijiji cha Buger waliona jambo ambalo halikuwaingia akilini. Lusia Qamara, mjane asiye na mtoto wala ng'ombe, aliyekaa peke yake katika chumba kimoja pembezoni mwa shamba la kaka yake, alikuwa akiteka maji mengi kuliko nyumba yenye watoto saba. Alikuja chemchemini asubuhi, akarudi adhuhuri, na siku nyingine akaonekana tena jua likielekea milima ya Mbulu. Na chemchemi yenyewe, kama kila kiangazi, ilikuwa imeanza kunywea.

Wa kwanza kulisema hadharani alikuwa Katarina, jirani yake wa upande wa chini.

"Dada Lusia, umenunua ng'ombe?"

"Sina ng'ombe, Mama Yohani. Unajua."

"Basi unamwogesha nani?"

"Naoga mwenyewe."

"Kwa sabuni gani?" Katarina akawageukia wenzake. "Sisi hapa sabuni tumeisahau hata harufu. Mwenzetu anaoga mpaka maji yanakwisha!"

Wanawake walicheka. Lusia hakucheka. Alijitwisha ndoo yake, akapanda njia ya kwao bila kugeuka, na mgongo wake ukasemwa mpaka ulipopotea nyuma ya miti.

Kama alikuwa mtu wa kujifungia na kumshuku kila aliyemkaribia, maisha yalikuwa yamemfundisha hivyo. Mumewe alipofariki, zamani, Lusia alijitenga kama desturi ya Wairaqw ilivyomtaka mjane ajitenge. Miezi ile hakuruhusiwa kukanyaga uwanja wa jirani wala kuisogelea chemchemi ya wote. Maji yake aliwekewa kando ya njia, akayachukua baada ya mletaji kuondoka. Ndipo shemeji zake walipoona nafasi. Walikuja na nyundo, wakapanda juu, wakang'oa mabati ya nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu, bati baada ya bati, yeye akiwa ameketi chini yake akitazama mbingu ikiongezeka. Hakuweza kukimbilia kwa mtu kulalamika, kwa kuwa alikuwa mwiko. Desturi iliyokusudiwa kuwalinda watu dhidi ya msiba iliwalinda wezi dhidi ya mjane, na hakuna mzee aliyeona haya.

Tangu siku hizo Lusia alikijua kitu kimoja vizuri kuliko majirani zake wote: maana ya kuishi kwa maji ya kuwekewa njiani.

Alipomaliza eda yake alikwenda kutafuta kazi Ngorongoro, juu kabisa ukingoni mwa kreta, ambako ukungu huingia jikoni kama mgeni asiyebisha hodi. Huko alifua na kupika miaka mingi kwa familia ya daktari wa wanyama, Mzungu aliyekuwa akichunguza maradhi ya simba. Sebuleni kwao kulikuwa na tangi la kioo, refu kama mkeka wa kulalia mtoto, lenye samaki wekundu wa mapambo. Binti yao mdogo alikuwa amewajengea samaki hao ukuta kwa matofali yake ya plastiki ya kuchezea, yale yenye vichwa vidogo juu na uwazi chini, yanayoshikana yakibanwa. Samaki walizoea kujificha nyuma ya ukuta huo kila mlango ulipobamizwa.

Daktari alipomaliza mkataba wake, mkewe alimwambia Lusia kwamba samaki hawapandi ndege.

"Wachukue. Na tangi. Na haya ya mtoto pia, amekwisha kuwa mkubwa."

Lusia aliliangalia kopo la maziwa lililojaa matofali, akamwangalia mama yule.

"Wakifa, nitalipa nini?"

"Hulipi kitu, Lusia. Ni wako."

"Na ukirudi ukawataka?"

"Sirudi."

"Basi sema mbele ya dereva," Lusia alisema, na mama yule, ingawa alicheka, alikwenda akasema mbele ya dereva.

Hata hivyo hakuridhika. Alipofika Buger na tangi lake limefungwa mablanketi, na samaki wake wakiwa ndani ya dumu lililokatwa mdomo, hakuyatia matofali majini mara moja. Rangi zile zilikuwa kali mno: nyekundu ya pilipili, njano, buluu, nyeupe isiyoshika uchafu. Nani ajuaye kama hazitoki? Kule kwa Wazungu maji yalichujwa kwa mashine, huku hakuna mashine. Akayaloweka matofali ndani ya beseni pamoja na viluwiluwi aliowazoa kwenye tope chini ya chemchemi, akaketi kuwalinda kama askari. Viluwiluwi walipoota miguu na kuruka nje, ndipo aliposadiki.

Akaanza kujenga. Mara ya kwanza alijenga ukuta kama wa yule mtoto. Lakini bila mashine maji yalipaswa kubadilishwa mara kwa mara, na kila alipobadilisha maji alilazimika kubomoa, kusugua na kujenga upya, na kila alipojenga upya mkono wake ulitaka kwenda mbele kidogo. Ukuta ukapata kona. Kona ikapata mlango, mlango ukapata ngazi. Akaweka madirisha mawili yanayotazamana ili samaki apite moja kwa moja, na juu akapanga paa la matofali mekundu lililolala vizuri, lisilong'oka kwa nyundo. Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba vitatu. Lusia mwenyewe alikuwa na kimoja.

Hakumwonyesha mtu. Kwanza alijua watakavyosema: watu wa kwao hawakula samaki, waliwaweka kundi moja na nyoka, na mwanamke anayefuga nyoka ndani ya nyumba hana cha kujitetea. Pili, mwaka ule serikali ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi. Kule Karatu mjini wenye maduka walikuwa wakitupa vitambaa na betri mashimoni usiku ili wasikutwe navyo, na mtu mwenye kitu cha nje asiye na stakabadhi alihesabiwa kuwa ameiba au amelangua. Nani angesadiki kwamba Mzungu alimpa tu? Dereva aliyeshuhudia alikuwa amekwisha hamishwa. Kwa hiyo Lusia alilifunika tangi lake kwa khanga mbili, na alipoitikia hodi alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

Kuuvuta huko mlango ndiko kulikomponza.

Balozi wa nyumba kumi wakati huo alikuwa Felisiani, mwanamume mwenye sauti kubwa na viatu vya mvua alivyovivaa hata kiangazi. Felisiani naye alikuwa na hofu yake. Mabalozi wenzake walikuwa wamekamata watu: huyu mlanguzi wa sukari, yule mwenye magunia ya mbolea. Yeye hakuwa amekamata hata mtu aliyeficha kiberiti, na pale kwenye ofisi ya kata mtu alikuwa ameanza kumuuliza kama nyumba zake kumi ni za malaika au yeye ndiye anayewaficha wahujumu. Katarina alipomweleza habari za maji, Felisiani alijibu papo hapo.

"Gongo. Maji mengi, mlango umefungwa, mwanamke peke yake. Anapika gongo."

Alikwenda mchana, akiwa na Katarina kama shahidi, na Mzee Piusi, mwangalizi wa chemchemi, ambaye wote walimwita Aako, yaani babu.

"Hodi hapa!"

Lusia alitoka, akauvuta mlango. "Karibu, Balozi. Umekuja na mashahidi, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Tunatafuta gongo."

"Tafuta. Ukiipata na mimi unionjeshe."

Felisiani aliingia. Alinusa vyungu, akapiga magoti akachungulia chini ya kitanda, akatia kidole katika debe la mahindi. Katarina alibaki mlangoni, macho yake yakipekua kuliko mikono ya Balozi. Ndipo Felisiani alipozivuta zile khanga.

Mwanga wa dirishani ulipita katika kioo, ukaiangukia nyumba nyekundu na njano iliyosimama chini ya maji. Kitu chekundu kilitoka mlangoni mwake polepole, kikawatazama, kikarudi ndani.

Mzee Piusi alivua kofia yake, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi akawa nje.

"Binti Qamara," aliita kutoka huko, na sauti yake haikuwa ya hasira, "nani anakaa humo?"

"Samaki, Aako."

"Samaki hajengewi nyumba. Samaki hana haja ya mlango. Nakuuliza tena."

Lusia akaelewa. Wazee waliamini kwamba chemchemi ina wenyewe, netlangw, ambao hawatajwi kwa sauti. Wanakaa majini, na wakihama maji huhama nao. Chemchemi ilikuwa ikipungua. Na hapa palikuwa na mwanamke aliyeyabeba maji yake kila siku kuyapeleka gizani, akamjengea aliyemo makazi yenye ngazi na madirisha. Angalau gongo ingemletea faini tu.

Kesho yake wazee waliketi juu ya nyasi kuliamua jambo hilo. Wanawake, ambao ndio watekaji wa maji, waliwekwa mbali, mahali ambapo maneno yaliwafikia nusu nusu. Lusia peke yake aliitwa mbele, na nyumba yake ya matofali iliwekwa juu ya ngozi ya ng'ombe, ikitiririsha maji.

"Ifunguliwe tuone kilichomo," alisema Mzee Piusi.

Felisiani aliishika, akavuta. Haikufunguka. Akaipindisha, akaitia meno.

"Umeyagandisha kwa kitu gani haya?"

"Yanashikana yenyewe."

"Hakuna kitu kinachoshikana chenyewe, mwanamke. Nini hiki, gundi? Umeitoa wapi gundi mwaka huu?"

"Balozi, nipe nikubomolee. Utavunjika meno bure, na dawa ya meno nayo haipo."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Lusia alibomoa kwa mkono wake mwenyewe, paa kwanza, kama alivyokwisha kuona nyumba nyingine ikibomolewa. Felisiani alilipokea kila tofali, akaligeuza, akachungulia uwazi wake wa chini, akalitikisa sikioni. Hakukuwa na madini, hakukuwa na hirizi, hakukuwa na chochote ila maji.

Mzee Piusi aliyatazama matofali yaliyotawanyika juu ya ngozi. Hakuwa mtu mwovu; aliiogopea chemchemi kama wengine wanavyowaogopea watoto wao. Mwishowe alisema:

"Sioni kitu, lakini kutoona kwangu si ushahidi. Nasema hivi. Vitu hivi na maji ya chemchemi visikae nyumba moja. Mwenye kuwa navyo asiteke. Akivitoa, ateke."

Lusia angeweza kuwajibu. Maneno alikuwa nayo, na yote yalikuwa ya haki. Lakini alikumbuka ile ndoo kando ya njia, na mletaji akiharakisha kuondoka kabla hajamwona uso. Alichukua kopo, akaliweka miguuni pa Felisiani.

"Nitayapeleka ofisini Karatu," Felisiani alitangaza. "Ni mali ya nje. Watayachunguza."

"Yachunguzwe," alisema Lusia. "Unipe habari watakapomaliza."

Samaki waliachiwa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwashika. Walijibana katika kona moja ya kioo, vichwa ukutani, wakakataa chakula. Mmoja akafa. Lusia aliokota jiwe lenye pango korongoni, akaliweka, na wale waliobaki wakaingia pangoni wakatulia. Jiwe liliwatosha samaki, lakini halikumtosha Lusia. Alitaka kujua matofali yako wapi, akaanza kutazama kama yeye alivyokuwa akitazamwa.

Hakuhitaji kwenda Karatu. Siku chache tu baadaye alimwona mtoto wa Felisiani akipita na ng'ombe, shingoni mwake kuna kamba, na kwenye kamba matofali mekundu mawili na moja la buluu. Shemeji wa Felisiani, mzee mvuta ugoro, alikuwa akichota ugoro wake kutoka uwazi wa tofali jeupe, akalifunga kwa jingine kama kifuniko. Nyumba ya pili, tofali limekuwa kizibo cha kibuyu. Nyumba ya tatu, mtoto analitafuna. Na mtoto yule alikuwa wa Katarina.

Lusia aliacha siku zipite, akapita njia zote, akamsalimu kila mtu kwa adabu, huku akitazama shingo, mikono na vibuyu. Majirani walioona anavyotazama walianza kuulizana ametafuta dawa gani.

Kisha asubuhi moja, wanawake wakiwa wamepanga vyombo vyao chemchemini na Mzee Piusi ameketi mahali pake akisimamia zamu, Lusia alitua ndoo yake tupu, akapiga goti kidogo mbele ya mzee.

"Aako, nina swali. Lile neno ulilotamka, lilikuwa juu yangu, au juu ya vile vitu?"

"Juu ya vitu."

"Mwenye navyo asiteke?"

"Asiteke."

"Hata akiwa na mume? Hata akiwa mke wa Balozi?"

Mzee alimtazama kwa makini. "Chemchemi haina Balozi. Unataka kusema nini, binti Qamara?"

"Nataka kusema kwamba Mama Yohani pale ameingiza kibuyu majini, na mwanawe ana tofali la njano mdomoni."

Kibuyu cha Katarina kilikuwa kimejaa nusu. Mkono wake ulisita, kisha akakimimina tena chemchemini, kana kwamba maji yamemchoma.

"Alipewa na mtoto wa Balozi!" alisema kwa ukali. "Mimi nilijuaje?"

"Ulijua. Ulikuwepo nyasini. Na wewe Cresensia," Lusia akamgeukia mke wa Felisiani, "kamba ile ya shingoni umeisokota mwenyewe, mkono wako naujua. Niendelee, Aako? Wapo wengine hapa, nao wanajijua."

Hakuna aliyenyanyua uso. Mzee Piusi aliamka, akailaza fimbo yake kukatiza njia ya majini, na watu wote wakajua kwamba hatateka mtu. Ng'ombe walianza kulia kule juu. Felisiani aliitwa, akaja na viatu vyake, akisema kabla hajafika.

"Vile vitu vilikuwa njiani kwenda ofisini!"

"Njia ya ofisini siku hizi inapita shingoni kwa mwanao, Balozi?" aliuliza Lusia. "Au inapitia kwenye ugoro wa shemeji yako?"

Safari hii hakukohoa mtu, walicheka waziwazi, hata Cresensia alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Felisiani alitaka kukasirika, akakumbuka kwamba mali ya nje isiyo na stakabadhi sasa imo ndani ya nyumba yake mwenyewe, akanyamaza.

Lakini Lusia hakuwa amemaliza.

"Vilipokuwa kwangu peke yangu, Aako, mlisema vinahamisha maji. Sasa vimetawanyika nyumba ngapi, na nyumba hizo zote zinateka hapa asubuhi na jioni. Nenda uipime chemchemi. Kama imekauka, mimi nitahama Buger leo."

Mzee Piusi aliivuka fimbo yake mwenyewe. Alikuwa na jiwe lake ndani ya maji, lenye mstari alioujua yeye, na kwa umri wake ilimchukua muda kuinama. Alitia mkono. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kunong'ona. Aliporudi, mkono wake ulikuwa ukidondosha maji na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibika asiyejua aibu aiweke wapi.

"Maji yako palepale," alisema. "Yamepanda kidogo, hata."

"Basi hayakuwa matofali," alisema mtu nyuma.

"Hayakuwa," alijibu mzee, na hakusema yalikuwa nini. Aliiondoa fimbo. "Binti Qamara ateke wa kwanza. Wengine mtateka mkishamrudishia mali yake, kila mmoja kwa mkono wake."

Lusia aliteka. Hakuharakisha. Aliijaza ndoo mpaka ukingoni, akaiosha mdomo, akaimwaga, akaijaza tena, na wote wakasubiri.

Kabla ya adhuhuri walianza kuja mmoja mmoja. Felisiani alimtuma mkewe. Mvuta ugoro alileta yake bila kuyakung'uta. Lusia aliyapokea mlangoni, akachungulia uwazi wa kila moja kama halikutiwa dawa, kwa maana mtu aliyekuibia jana anaweza kukurudishia chako na cha kwake pia. Aliyasugua kwa majivu, akayanusa, akayasugua tena. Matatu hayakurudi, naye alijua yamebaki kwa nani.

Katarina alikuja mwisho. Alilitoa lile la njano kwenye pindo la nguo, lina alama za meno, lakini baada ya kulitoa hakuondoka.

"Nilikuwa nataka kuona," alisema, akitazama miguu yake. "Siku ile nilisimama mbali."

Lusia alimpima kwa macho kwa muda mrefu zaidi ya adabu ilivyoruhusu. Hakumwamini, na hakuona sababu ya kuanza. Hata hivyo alisogea kando.

"Ingia. Usikiguse kioo. Na mikono yako iache mbele, niione."

Akapiga magoti akajenga, na Katarina akachuchumaa kando yake, mikono juu ya magoti kama mtu aliyekamatwa. Ukuta ulipanda. Lusia aliiweka ngazi, akafungua madirisha, akapanga paa, akaliacha wazi pale palipokosa matofali matatu. Kisha akaitumbukiza nyumba polepole, akaliondoa lile jiwe.

Samaki mkubwa alikuja hadi mlangoni, akasimama. Alizunguka nyumba yote, akarudi, akasimama tena.

"Haingii," alinong'ona Katarina.

"Ataingia," alisema Lusia. "Anataka kujua kwanza nani alikuwamo."